Sura ya Tisa: Nambari Isiyotimia

Mke wa mgonjwa alikuwa anamkata mumewe kucha, taratibu, kidole kimoja kimoja, na kila ukucha uliodondoka aliukusanya kiganjani kana kwamba kuna mtu angekuja kuudai. Mzee mwenyewe alilala chali kando ya dirisha. Alikuwa macho sasa, lakini maneno yalimtoka vipande vipande, na mkono wa kushoto bado haukumtii.

Mpelelezi alivuta kiti. Kazini walimwita Kobe kwa sababu ya mwendo wake, na yeye hakuwahi kulikataa jina. Kobe hafiki mapema, alizoea kusema, ila sijasikia kobe aliyepotea njia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Keti. Huyu usimwogope, haumi. Alikuwa anauma zamani, kabla hajanioa."

Mzee akatabasamu kwa nusu ya mdomo. Mkewe akamfuta pembeni kwa ncha ya kanga, bila kutazama, mkono ukijua wenyewe pa kwenda. Kobe akageuza macho dirishani kidogo, kisha akayarudisha.

"Asubuhi ile ulikuwepo, mama?"

"Niende wapi? Nipo kila siku."

"Nani alimpa dawa ya usingizi?"

"Huyu binti yangu hapa." Alimwonyesha Muuguzi aliyesimama miguuni pa kitanda, mikono mifukoni. "Akampa, akaenda kwenye kompyuta akaandika. Nikamwambia, mwanangu, andika na pazia lisifungwe. Mzee wangu akizinduka akakuta giza, huhangaika kama mtoto. Akacheka, akasema haya bibi, na pazia nalo naliandika."

"Uliandika?" Kobe alimuuliza Muuguzi.

"Niliandika, baba. Nimeapa mpaka ulimi umeota sugu. Dawa niliandika, na pazia niliandika. Mchana zamu ikabadilika, mwenzangu akafungua, hakuna kitu. Ya asubuhi yote yamefutika. Akadhani mzee hajapewa, akampa tena, na mzee nusura asiamke. Sasa yeye kosa lake nini? Na mimi langu nini?"

Hapo palikuwa na kesi nzima, na haikuwa na mambo mengi. Kompyuta ya wodi haikai wodini. Inakaa ng'ambo ya ua, kwenye jengo la kampuni inayoitunza, ndani ya mashine moja kubwa iliyobeba kompyuta nyingi za kuwaziwa, zisizo na mwili wao. Mafundi huiita mashine kubwa mwenyeji, na zile zilizomo ndani yake huziita wageni. Mchana ule Fundi wa zamu, mwanamke mmoja mjane, alimtumia mgeni wa wodi amri ya kulala, kama ratiba ya usafi ilivyotaka. Mgeni anapoambiwa alale hutakiwa kuhifadhi kwanza yote yaliyoandikwa tangu hifadhi ya usiku, ndipo afumbe macho. Huyu hakulala. Alianguka katikati, na ya asubuhi yakaenda naye.

Wakubwa wana desturi yao: jambo likiharibika huuliza nani aliligusa mwisho, hawaulizi nani aliliharibu mwanzo. Wakamuuliza Fundi. Fundi akajibu: "Ni mimi. Niliiangusha makusudi." Basi. Hakuongeza neno.

Kobe alikuwa amesikia watu wengi wakikiri. Mkosaji wa kweli hukiri na visa vyake juu: alichokula siku ile, aliyemchokoza, mvua ilivyokuwa. Kukiri kwa Fundi kulikuja kutupu kama mfupa uliokwisha kuguguniwa.

"Twende darasani baba," Muuguzi alisema kwa sauti ya chini. "Hapa kuta zina masikio, na masikio yenyewe ni ya wakubwa."

Darasa la wauguzi wanafunzi lilikuwa mwisho wa varanda. Viti vya plastiki, sanamu ya mgonjwa isiyo na mguu, na kwenye meza ya kona, kompyuta. Boksi lililoiendesha, mwenyeji wake mdogo wa peke yake, lilikuwa kabatini, likikoroma kama paka aliyeshiba.

"Na hii ni ya nini?"

"Ya mazoezi. Wanafunzi wanaijaza wagonjwa wa uongo kutwa. Kuna mmoja ana ujauzito wa miaka miwili sasa, hakuna aliyekumbuka kumzalisha." Muuguzi alicheka, kisha akakumbuka hali yake, akaacha. "Tunaiita Pungufu."

"Kwa nini Pungufu?"

Alimwonyesha pembe ya kioo, mstari mdogo wa kijani. Kumbukumbu: megabaiti elfu nne na tisini na tano.

"Inatakiwa iseme tisini na sita. Mkurugenzi wa hospitali alipita hapa na wageni wake wa heshima, akasimama papo hapo ulipo. Mbona moja imepungua? Tumeahidiwa elfu nne na tisini na sita, ya sita iko wapi? Akafoka kama aliyeibiwa ng'ombe. Muda si muda za wodini zote zikatimizwa. Hii wakaisahau. Wanafunzi tu, nani awajali?"

"Hiyo ilikuwa lini?"

"Baada ya msiba. Aliyezianzisha mashine hizi alikuwa ameshafariki. Ni marehemu mume wa huyo dada mliyemshika. Hii aliiwasha kwa mkono wake, na tangu hapo haijazimwa."

Kobe aliutazama ule mstari wa kijani kwa muda mrefu kuliko ulivyostahili. Hakuelewa kitu. Aliubeba hivyo hivyo.

*

Ofisi ya Meneja wa kampuni ilikuwa na kiyoyozi kikali hata Kobe akafunga kifungo cha shingoni. Wakubwa wanapenda baridi. Huenda inawasaidia wasioze.

"Tumejaribu mbele ya mashahidi," Meneja alisema. Alikuwa mtu wa makamo, mikono laini, saa kubwa. "Tulimwamsha mgeni yule yule, tukamwambia alale, akalala. Tukarudia, akalala. Tukarudia tena. Hana ubovu wowote. Kama chombo hakina ubovu, basi ni mkono wa mtu."

"Mlimwamsha, mkamlaza hapo hapo?"

"Hapo hapo. Tungoje nini?"

"Na siku alipoanguka, alikuwa macho tangu lini?"

"Wiki kadhaa. Hilo linahusu nini?"

"Sijui bado. Kwa nini Fundi afanye hivyo?"

Meneja aliegemea kiti. "Hasira, mzee. Mumewe alipokuwa hoi aliomba ruhusa akamuuguze. Hatukuweza. Tulikuwa na mradi."

"Mumewe naye alikuwa mtu wako."

"Bora kuliko wote niliopata kuwa nao."

"Na hamkuweza."

"Kampuni siyo hospitali."

Kobe aliyaacha maneno hayo yakae mezani, Meneja ayaone. Meneja hakuyaona.

"Nasikia Mkurugenzi wa hospitali aliwahi kulalamikia nambari."

Uso wa Meneja ukang'aa. "Hilo nililimaliza mwenyewe! Unajua kabla ya kiti hiki mimi nilikuwa fundi? Vijana wanadhani nilizaliwa na tai. Kulikuwa na mstari mmoja kwenye programu ya mwenyeji unaokata kipande kidogo cha kumbukumbu, juu kabisa, mgeni asikiguse. Nikautoa. Nambari ikatimia. Aliyeahidiwa tisini na sita aone tisini na sita."

"Mstari ulikuwa wa kazi gani?"

"Makombo tu. Mafundi huacha makombo."

"Ulimuuliza mtu?"

"Wa kumuuliza alikuwa kaburini."

"Na mkewe?"

"Alikuwa msibani. Ningempelekea mfiwa habari za megabaiti?"

"Kilichokuwepo kabla hujafuta, mnacho?"

"Matoleo ya zamani yalipotea tulipohama jengo. Kwani wewe unapeleleza nini hasa?"

"Kucha. Hata uliokatwa una mwenyewe," Kobe alisema, akaaga.

Akiwa kwenye ngazi simu ikalia. Mkuu wa kitengo.

"Kobe, umemaliza?"

"Bado, mkuu."

"Mtu amekiri. Unatafuta nini tena?"

"Natafuta alichofanya."

"Usinichezee. Jioni faili liwe mezani kwangu. Kesho asubuhi anapandishwa kortini. Hospitali wanataka jina, kampuni wanataka jina, wote wameshalipata, wewe peke yako ndiye hulitaki."

*

Chumba cha mahojiano kilikuwa na meza moja na dirisha lililopakwa rangi nyeupe. Fundi alikaa wima, mikono mapajani. Kobe aliweka mezani bahasha ya karatasi, kisha chupa ya chai na vikombe viwili vya bati. Akamimina vyote viwili.

"Cha pili ni cha nani?" Fundi aliuliza. Lilikuwa swali lake la kwanza tangu akamatwe.

"Kilikuwa na mwenyewe. Nimeshindwa kukizoeza kubaki nyumbani. Kunywa, binti yangu, kabla hakijapoa."

Fundi alikitazama kikombe, akamtazama mzee, akakichukua kwa mikono miwili.

Kobe hakumuuliza juu ya kosa. Fundi ukimuuliza juu ya kosa hufunga mdomo, ukimuuliza juu ya kazi hawezi kujizuia. Akatoa karatasi.

"Yule mgeni alipoanguka, mashine ilipiga picha ya kumbukumbu yake, kama eksirei. Maabara wamenichapia. Wanasema alianguka akiwa anasoma ukurasa huu. Zaidi ya hapo wamenipa maneno makubwa makubwa, nikawarudishia. Nieleze wewe. Mgeni akiamka, anaanzaje kujua yuko wapi?"

Alisita. Halafu kazi ikamshinda.

"Kompyuta ya kweli ikiwashwa, inakuta majedwali tayari. Yametoka nayo kiwandani. Yanaiambia una akili ngapi, saa yako iko wapi, ukibonyezwa kitufe cha kulala fuata hatua hizi na hizi. Mgeni hana kiwanda, mzee. Hakuzaliwa popote. Kwa hiyo kabla hajafumbua macho, mwenyeji anamwandikia majedwali yake na kumwekea ndani ya kumbukumbu yake. Halafu anaacha alama mahali ambapo kila mgeni anajua kutafuta. Akiamka anaitafuta alama, alama inampeleka kwenye jedwali la kwanza, la kwanza linampeleka kwenye mengine."

"Kama mtu akifika nyumba ya watu. Ufunguo uko chini ya chungu, na taa iko mezani."

"Hivyo hivyo."

"Mke wangu alikuwa hawezi kumpokea mtu bila kutandika kwanza. Hata saa nzima kabla. Mimi nikikaa pale kitandani ananifukuza, hapo pana mwenyewe." Kobe alikunywa chai. "Sasa mgeni atajuaje kwamba pale palipowekwa majedwali pasiguswe? Si kumbukumbu ni yake?"

Fundi aligeukia dirisha jeupe.

"Binti yangu?"

"Anapewa ramani," alisema polepole. "Ramani inamwambia kutoka hapa mpaka hapa pako wazi, andika utakacho. Kutoka pale mpaka pale pametengwa. Pasipoandikwa kuwa pametengwa, yeye anajua pako wazi."

"Na akiandika hapo?"

"Anayafuta majedwali yake mwenyewe."

"Papo hapo?"

"Hapana. Akiwa bado ana nafasi nyingi hafiki huko. Mpaka ajae. Na hata akiyafuta haanguki, mpaka siku atakapoyahitaji."

"Siku ya kuambiwa lala."

Kobe akasukuma ukurasa mbele yake, akauweka sawa kwa kidole.

"Nisomee hapa. Macho yangu ni ya zamani."

Upande wa kushoto nambari, safu kwa safu. Upande wa kulia herufi. Fundi aliweka kidole mwanzo, kwenye herufi nne za jina la jedwali. Jina lilikuwepo. Mistari michache chini yake ilikuwepo. Kisha kidole kikasimama.

"Soma."

"Mgonjwa wa dirishani…" Sauti yake ilipungua. "Mgonjwa wa dirishani ameshapewa dawa ya usingizi asubuhi. Asipewe tena. Pazia lisifungwe, bibi ameomba."

Nje mtu alipita akiburuta benchi. Walingoja benchi lipite.

"Muuguzi aliandika," Kobe alisema. "Hata pazia. Maneno yake yakaangukia mahali palipokuwa pa majedwali, kwa sababu hapakutengwa. Ukamwambia mgeni alale. Akaenda kusoma hatua za kulala, akakuta habari za pazia. Hukumwangusha wewe. Ulimwamuru kama kazi ilivyotaka. Na walipomjaribu, walimwamsha upya, mwenyeji akamtandikia majedwali mapya, wakamlaza kabla hajajaa. Hata mgonjwa wa kichaa hutulia mlangoni kwa daktari. Sasa niambie mimi mjinga, kwa nini umesema ni wewe?"

"Kwa sababu ni mimi."

"Ramani alichora nani?"

"Mimi."

"Uongo huo hata kuuvaa hujaweza. Unakubana mabegani."

Fundi aliweka kikombe chini. Hakulia. Alianza kukunja ncha ya ukurasa, akaikunjua, akaikunja tena.

"Alikuwa anaumwa, mzee. Miezi ya mwisho alifanyia kazi kitandani. Mimi nikirudi jioni namwekea mto mgongoni, namshikia kibodi isiteleze. Alikuwa anasinzia katikati ya mstari. Nasubiri. Anazinduka, ananiuliza, mama, tulifika wapi? Namwambia, tulikuwa kwenye majedwali. Anaendelea." Alilainisha ukurasa kwa kiganja. "Mgeni alipoanguka nilikwenda kuangalia mwenyewe. Nikaona mahali pa majedwali hapakutengwa. Ramani yote imeandikwa iko wazi, mwanzo hadi mwisho. Mtoto wa darasa la kwanza wa kazi hii hasahau hilo. Nikajua alisinzia pale. Na mimi sikumwona, nilikuwa nimeshika kibodi lakini nami nilikuwa nalala."

"Ukaona afadhali uitwe mhalifu wewe kuliko yeye aitwe mzembe."

"Mimi naweza kujitetea siku moja. Yeye hawezi. Ameacha kitu gani zaidi ya kazi yake? Wamnyang'anye na hiyo?"

Kobe alizungusha kifuniko cha chupa, akakaza, akalegeza. Alikuwa na la kusema na alitaka kulisema kwa mpangilio.

"Kwenye darasa la wauguzi kuna kompyuta. Mumeo aliiwasha. Wanaiita Pungufu, kwa sababu nambari yake haijatimia. Inasema elfu nne na tisini na tano."

Fundi aliinua uso.

"Moja imepungua?"

"Moja."

"Imepungua wapi? Chini, katikati?"

"Hiyo sikuona. Lakini Meneja ameniambia za wodini alizitimiza mwenyewe, baada ya msiba. Alitoa mstari uliokata kipande juu kabisa, mgeni asikiguse. Amesema ni makombo."

Fundi alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake. Askari wa mlangoni akachungulia, Kobe akampungia mkono aondoke.

"Juu kabisa," alisema. "Megabaiti moja, juu kabisa. Ndipo mume wangu alipoyaweka majedwali. Alinieleza: mama, tunayaweka darini, mbali na watoto." Alishika ukingo wa meza. "Hakusinzia?"

"Sijui. Nakuuliza wewe fundi. Tunajuaje?"

Alifikiri akiwa amesimama. Kobe aliona kazi ikirudi usoni mwake kama damu.

"Naweza kusoma ramani ya ile ya darasani. Lakini watasema ramani ni maneno tu. Wao walijaribu kwa mgeni aliyeamka sasa hivi. Sisi tunaye aliyekesha. Wanafunzi wameijaza na kuijaza. Kama majedwali yake bado ni mazima baada ya yote hayo, basi yalilindwa. Tukiiambia ilale, italala." Akaikunja tena ncha ya ukurasa.

"Lakini," Kobe alisema.

"Aliiwasha yeye."

"Najua."

"Zile nyingine zote zimeshazimwa na kuwashwa na watu. Hiyo ndiyo ya mwisho."

"Najua, binti yangu. Sikulazimishi."

Fundi aliokota kiti, akakisimamisha, akakisogeza mpaka kikanyooka na meza. Kisha akanywa chai iliyobaki, akafuta kikombe kwa kiganja na kukirudisha mahali pake karibu na cha mwenzake.

"Twende," alisema.

*

Darasani walikuwa wanne: Kobe, Fundi, Muuguzi, na Meneja aliyefika akitazama saa yake kwa namna ambayo kila mtu angeiona. Kabla ya kitu chochote Fundi alihifadhi kazi za wanafunzi mahali pengine, hata yule mgonjwa mwenye ujauzito wa miaka miwili.

"Mshukiwa anaruhusiwa kugusa vifaa?" Meneja aliuliza.

"Nimemruhusu mimi," Kobe alijibu. "Kikiharibika utaniandikia."

Fundi akasoma kwa sauti, ili wote wasikie. Kumbukumbu imejaa, nafasi iliyobaki ni kidogo sana. Megabaiti ya juu kabisa: imetengwa. Alilisema neno hilo, kisha akalisoma tena kwa midomo bila sauti.

"Mnaona wenyewe," Muuguzi alisema. "Pungufu wetu."

"Nambari tu," Meneja alisema. "Haithibitishi kitu."

Fundi aliinama kabatini, akaweka kiganja juu ya boksi, pale lilipokuwa na joto. Alikaa hivyo kidogo. Hakuna aliyemharakisha, hata Meneja, ambaye alikuwa anatazama sanamu isiyo na mguu. Kisha akarudi kwenye meza na kutoa amri ya kulala.

Kioo kikabadilika. Mistari ikaanza kupanda, mmoja baada ya mwingine, bila papara. Inafunga milango. Imefunga. Inasoma hatua za kulala. Hapo ndipo yule wa wodini alipoangukia, na Muuguzi alimshika Kobe mkono juu ya kiwiko bila kujua kwamba amemshika. Mstari ulikaa. Ukaendelea. Inahifadhi maandishi. Imehifadhi. Imelala salama. Kioo kikawa cheusi, na kukoroma kwa kabatini kukashuka mpaka kukawa pumzi.

Fundi aliufunika mdomo kwa mikono.

"Bahati," Meneja alisema. "Mara moja haitoshi."

"Kweli kabisa," Kobe alisema. "Tuongeze ya pili. Ya wodini ina muda gani tangu iwashwe?"

"Tangu siku ya tukio."

"Basi imeshashiba, wauguzi hawana utani na kuandika. Fundi, ng'ambo ya ua kuna mtambo wa kutolea amri?"

"Upo."

"Tukailaze na hiyo, sasa hivi. Meneja mwenyewe amesema haina ubovu. Italala kama hii."

"Hapana," Meneja alisema haraka.

"Kwa nini?"

"Hapana. Kuna wagonjwa. Msiiguse ile."

"Si nzima?"

Meneja alilegeza tai. Uso wake ulikuwa umetoa jasho, na darasa hilo halikuwa na kiyoyozi wala feni.

"Msiiguse mpaka maandishi ya leo yatolewe kwanza," alisema hatimaye, kwa sauti ndogo. "Na mstari… mstari urudishwe."

"Mstari upi?"

"Nilioutoa."

"Asante," Kobe alisema. "Muuguzi amesikia, mimi nimesikia. Muuguzi, kimbia uwaambie wenzako waandike na kwenye karatasi mpaka mtakapoambiwa."

Muuguzi alitoka mbio, viatu vikilia varandani. Kobe akatoa simu, akageuka ukutani.

"Mkuu? Faili litakuwa mezani jioni, kama ulivyosema… Ndiyo. Jina lipo. Ila siyo lile." Akasikiliza. "Wa hospitali najua watachukia. Waambie nambari yao imetimia." Akakata kabla ya kuulizwa zaidi.

Meneja aliketi kwenye kiti cha plastiki cha mwanafunzi, magoti juu, saa yake imesahauliwa.

Fundi bado alikuwa mbele ya kioo cheusi.

"Mzee, naomba niiwashe."

"Iwashe, binti yangu. Nani mwingine aiwashe?"

Alibonyeza. Kabatini boksi likavuta pumzi. Kwa muda kioo hakikuonyesha kitu, kwa maana huo ndio wakati mwenyeji anapotandika: anaandika majedwali, anayapandisha darini, anatenga mahali pake, anaacha alama ya kuyafikia, na mgeni bado hajafumbua macho. Kila hatua ilipangwa na mtu aliyeegemea mto, aliyezinduka akauliza tulifika wapi. Fundi alizihesabu kwa midomo. Alizijua zote.

Kioo kikapambazuka. Pembeni, mstari mdogo wa kijani ukajitokeza, na Fundi akausogelea mpaka pua ikakaribia kugusa.

"Inasemaje?" Kobe aliuliza.

"Tisini na tano," alisema Fundi. Alikuwa analia sasa, na wala hakujificha. "Moja imepungua."